Mianzi ya Kichaka na Nyasi za Mapambo Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa bustani za Dar es Salaam: joto la mwaka mzima, masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na udongo unaobadilika kutoka mchanga wa pwani hadi mfinyanzi wa mabondeni. Aliye Iringa au Lushoto atayaona mengi yanamfaa, ila kalenda na aina za mianzi ni tofauti. Jambo moja litajirudia: mwanzi huchaguliwa kwa ukubwa utakaoufikia baada ya miaka mitano. Ukubwa wa mche uliomo kwenye kiriba haukuambii chochote.

## Kuchagua

1. Mianzi ya kichaka ni ipi, na inatofautianaje na inayotambaa?

Mwanzi ni jamii ya nyasi. Chini ya ardhi una shina nene lililolala, tunguu, kama la tangawizi. Kwenye mianzi ya kichaka matunguu ni mafupi na manene, na kila moja hupinda kwenda juu na kuwa mwanzi mpya karibu na mama yake. Kichaka kinatanuka taratibu kutoka katikati, na mahali kitakapofika mwaka kesho panajulikana. Kwenye mianzi inayotambaa tunguu ni jembamba na refu. Husafiri mita kadhaa na kuchipua lilipofika, hata kama ni kwa jirani.

Mche ukiwa na matawi unaweza kuutambua kwa macho. Tazama fundo la katikati ya shina. Matawi mengi yaliyotoka pamoja kama kifungu, na pingili iliyo mviringo pande zote, hiyo ni ya kichaka (Bambusa, Dendrocalamus). Matawi mawili, moja nene na moja jembamba, na juu yake pingili ina mfereji uliobonyea, hiyo ni Phyllostachys, inayotambaa. Usiipande bila kizuizi, tazama swali la 27.

2. Aina zipi zinafaa hapa Dar?

Kwa uzio wa nyumba ya kawaida, Bambusa multiplex ndiyo ya kwanza. Hufika mita 3 hadi 7, mashina ni membamba (sentimita 1 hadi 2.5), majani yamejaa tangu chini, na inavumilia kukatwakatwa. Ipo ya kijani, na ipo Alphonse Karr yenye mashina ya njano na mistari ya kijani.

Mianzi minene inayoonekana sana mjini ni Bambusa vulgaris, ya kijani au ya njano yenye mistari ya kijani (Vittata). Hufika mita 10 hadi 20, unene sentimita 4 hadi 10. Ni migumu, inaota karibu popote, na ndiyo inayosababisha malalamiko mengi kwa sababu watu huipanda kwenye nafasi ya mita moja kati ya nyumba na ukuta. Ukiupenda unene wake lakini huna nafasi, tafuta Wamin, ile yenye pingili fupi zilizovimba kama chupa. Hubaki kwenye mita 3 hadi 5.

Thyrsostachys siamensis, ya mita 7 hadi 13, ina kichaka kilichobana na mashina yaliyonyooka, nzuri mno kandokando ya njia ya gari. Dendrocalamus asper na Dendrocalamus giganteus ni za shamba: mita 20 na zaidi, kichaka kimoja kinataka eneo la mita 8 kwa 8. Mwanzi wa milimani, Oldeania alpina, unaota juu ya mita 2,000 kwenye ubaridi. Ukiletewa Dar usiununue.

3. Je, "mianzi ya bahati" inayouzwa kwenye chombo cha maji ni mianzi?

Si mianzi. Ni Dracaena sanderiana, mmea wa kivulini. Ukiupanda nje kwenye jua la mchana majani yataungua. Uweke barazani au ndani.

4. Nina kiwanja cha 20 kwa 20 na nyumba tayari ipo. Nipande nini ghorofa la jirani lisinichungulie?

Bambusa multiplex kwa upande unaochunguliwa tu, si kuzunguka kiwanja kizima. Miche ya mita moja ikitunzwa vizuri hufunga pazia la mita 3 hadi 4 ndani ya miaka miwili hadi mitatu. Kama dirisha linalokuchungulia liko ghorofa ya pili au ya tatu, usikimbilie mianzi mirefu. Pima kwanza. Simama unapokaa, barazani kwa mfano, mtu mwingine anyanyue ufito pale utakapopanda mpaka ncha ikinge dirisha. Mara nyingi urefu unaohitajika ni mdogo kuliko ulivyodhani, kwa sababu mianzi iko karibu na wewe kuliko ghorofa lenyewe.

5. Nipande umbali gani kutoka ukuta, chemba na mabomba?

Pima kutoka katikati ya shimo:

- Bambusa multiplex: mita 1 hadi 1.5 kutoka ukuta wa uzio, mita 2 kutoka nyumba.
- Bambusa vulgaris: mita 3 kutoka ukuta wa uzio, mita 5 kutoka nyumba.
- Dendrocalamus: mita 6 au zaidi kutoka chochote kilichojengwa.
- Chemba, karo na bomba la maji taka: mita 3 kwa mianzi midogo, mita 5 kwa minene.

Mizizi ya mwanzi ni membamba na mingi iko ndani ya sentimita 60 za juu. Haipasui msingi mzima wa zege. Inachofanya ni kuingia kwenye ufa uliopo na kwenye maungio ya bomba yanayovuja, kisha inajaa humo. Hatari ya pili ni kichaka chenyewe kunenepa na kusukuma ukuta mwepesi wa tofali usio na nguzo. Acha pia njia ya mtu kupita nyuma ya kichaka na msumeno. Kichaka kisichofikika upande wa nyuma hakipunguzwi, na baada ya miaka sita upande huo ni takataka tupu.

## Kupanda

6. Wakati mzuri ni upi?

Mvua za mwanzo za masika, mwishoni mwa Machi. Mche unapata karibu miezi miwili ya unyevu kabla ya kiangazi. Vuli ni nafasi ya pili, lakini Januari na Februari hufuata na jua kali, hivyo andaa maji. Kupanda Julai kunawezekana kama bomba linafika pale na una mtu wa kumwagilia.

7. Shimo liweje na niweke nini?

Kwa mianzi midogo, sentimita 60 pande zote na kina 50. Kwa minene, sentimita 80 kwa 80 na kina 60. Tenga udongo wa juu, changanya na makarai mawili ya mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza. Samadi iliyooza haina harufu kali na ukiingiza mkono katikati ya lundo hakuna joto. Ya kuku ni kali, tumia nusu ya hapo. Rudisha mchanganyiko, panda mche kwa kina kilekile ulichokuwa kwenye kiriba, shindilia kwa mguu, acha beseni la kukusanya maji, mwagilia lita 20 palepale, kisha tandaza majani makavu unene wa sentimita 10.

Baada ya hapo udongo ndio unaoamua:

Mchanga wa Kigamboni, Mbweni au Mbezi Beach hauhifadhi maji wala mbolea. Ongeza karai la tatu la mboji, na karai moja la udongo wa mfinyanzi ukiupata. Matandazo yasikosekane hata wiki moja.

Mfinyanzi wa mabondeni hutuamisha maji, na matunguu yaliyozama huoza. Usichimbe shimo refu, litakuwa kisima. Inua tuta la sentimita 30 na upande juu yake.

Sehemu zenye mawe ya matumbawe, kama Msasani na Kunduchi, zina chokaa nyingi. Toboa kwa sururu na mtaimbo, toa mawe yote, leta udongo mwingine. Majani machanga yakiwa ya njano na mishipa yake ya kijani, mwanzi unakosa madini ya chuma. Mboji nyingi kila msimu ndiyo dawa ya kudumu.

8. Nikagueje mche kabla ya kununua?

Utikise kidogo. Ukicheza ndani ya kiriba, umehamishwa juzi na haujashika. Angalia chini: mizizi myeupe ikichungulia kwenye matundu ni vizuri, mizizi iliyozunguka kiriba kama kamba ni mche uliozeeka hapo. Cha muhimu kuliko vyote, tafuta shina jipya lililotoka kwenye udongo, tofauti na kipande kilichopandwa. Kipande cha mwanzi kinaweza kuchipua majani mazuri wiki nyingi kwa akiba yake bila kuwa na mzizi hata mmoja. Ndiyo miche "iliyokufa ghafla" baada ya kufika nyumbani.

Ukisafirisha kwa bodaboda au nyuma ya Kirikuu, funga majani kwa kiroba kilicholowa. Upepo wa barabarani unakausha majani ya mianzi haraka sana.

9. Ninaweza kuzalisha mwenyewe kutoka kwenye mwanzi wa rafiki?

Ndiyo, na Bambusa vulgaris ndiyo rahisi kuliko zote. Fanya wakati mvua zinaanza:

1. Chagua mwanzi wa umri wa mwaka mmoja hadi miwili, wenye macho yasiyovunjika. Mchanga sana huoza, mzee hauchipui.
2. Kata vipande vyenye mafundo mawili kila kimoja, ukiacha sentimita 10 za pingili nje ya kila fundo. Punguza matawi yabaki na urefu wa sentimita 5.
3. Toboa tundu katikati ya pingili iliyo kati ya mafundo, jaza maji, ziba kwa udongo wa mfinyanzi au mkanda.
4. Laza kipande, tundu likitazama juu na macho yakiwa ubavuni, kwenye kitalu chenye kivuli nusu. Funika kwa udongo sentimita 6 hadi 8.
5. Mwagilia kila siku bila kufanya tope.

Majani huanza kuonekana wiki ya pili hadi ya nne, na mizizi hufuata baadaye sana. Usifukue kuchungulia. Subiri miezi mitatu, kisha kata kila fundo lililochipua na ulihamishie kwenye kiriba mpaka litoe shina jipya.

Bambusa multiplex huzalishwa vizuri zaidi kwa kugawa kichaka: chimbua fungu la mashina matatu hadi matano yakiwa na matunguu na mizizi yake, kata juu yabaki mita moja, panda siku hiyohiyo. Kwa Dendrocalamus, tumia matawi manene yenye uvimbe na vijizizi kwenye shina lake.

10. Miche iachane kiasi gani kwenye uzio?

Bambusa multiplex mita 1 hadi 1.5, Thyrsostachys mita 2, Bambusa vulgaris mita 3 hadi 4. Kubananisha kwa nusu mita hakufungi pazia mapema kwa kiasi kinachostahili gharama, na baadaye hupati pa kupitisha mkono ukitaka kupunguza.

## Kutunza

11. Maji kiasi gani?

Miezi sita ya mwanzo: lita 10 hadi 20 kwa mche, mara tatu kwa wiki, kama mvua hainyeshi. Kwenye mchanga gawa kiasi hichohicho kwa siku nyingi zaidi. Kichaka cha miaka mitatu huishi kwa mvua, ila lita 50 mara moja kwa wiki kati ya Julai na Septemba, na tena Januari na Februari, zinakifanya kibaki na majani.

Mwanzi wenyewe unasema. Jani likijikunja kwa urefu likawa kama mrija mchana, una kiu. Likifunguka jioni, bado hakuna madhara. Likiwa limejikunja hata asubuhi, mwagilia mara moja.

12. Maji ya kisima changu yana chumvi. Yatafaa?

Kidogo ya chumvi mianzi inavumilia. Ikizidi, ncha za majani hukauka na kuwa kahawia, na mstari wa ukavu husogea kuelekea katikati. Mwagilia mara chache lakini kwa wingi ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, usinyunyizie majani, na vuna maji ya bati kwenye simtanki kwa ajili ya miche michanga. Kwenye nyumba zinazotazama bahari upepo nao unabeba chumvi. Panda mianzi upande wa nchi kavu wa nyumba, na mbele weka nyasi za vetiva (swali la 24).

13. Mbolea ipi na lini?

Mwanzi unakula naitrojeni nyingi, kama nyasi yoyote. Kwa kichaka kikubwa, makarai matatu ya samadi iliyooza mwanzoni mwa masika na mawili mwanzoni mwa vuli yanatosha kabisa. Ukitumia ya dukani, NPK 17:17:17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa): gramu 50 kwa mche wenye miezi mitatu ardhini, gramu 200 kwa kichaka cha multiplex, gramu 500 kwa vulgaris. Tawanya kuzunguka ukingo wa kichaka yalipo machipukizi mapya, si katikati, na mwagilia. Usiweke mbolea ya dukani kwenye udongo mkavu.

14. Kupunguza kichaka kunafanywaje?

Hii ndiyo kazi inayotenganisha bustani na pori. Kila mwanzi huishi miaka kadhaa tu. Usipoondoa mikuukuu, machipukizi hukosa pa kutokea, yanapinda, na kichaka kinakufa kutoka ndani.

Anza mwaka wa tatu au wa nne, kila kiangazi, Juni hadi Septemba, wakati machipukizi hayajatoka. Ondoa kwanza iliyokauka, kisha iliyovunjika au kupishana, kisha yenye umri wa miaka minne na zaidi. Isizidi theluthi moja ya mashina yote kwa mwaka mmoja. Tumia msumeno, kwa sababu panga hupasua shina na kuacha ncha zinazochoma miguu. Kata chini kabisa, juu kidogo tu ya fundo la kwanza (sababu iko swali la 17).

Kutambua umri: mwanzi wa mwaka wa kwanza una rangi angavu, unga mweupe chini ya mafundo, na maganda bado yameshika sehemu za chini. Wa mwaka wa pili ni msafi. Wa tatu na kuendelea umeshika madoa ya kijivu na ukungu mkavu, na ukiugonga kwa kisu unalia kwa sauti kavu. Njia ya uhakika ni kupiga tone la rangi kila chipukizi la mwaka huo, rangi moja kwa kila mwaka.

Vaa glovu na mikono mirefu. Maganda ya Bambusa vulgaris na Dendrocalamus yana vinyweleo vyeusi au vya kahawia vinavyowasha karibu kama upupu.

15. Nikikata vilele, mwanzi utarefuka tena?

Hapana. Mwanzi hutoka ardhini na unene wake kamili, hufikia urefu wake wote ndani ya miezi miwili hadi minne, na haukui tena maisha yake yote. Ukiukata kwenye mita 4 utabaki mita 4 na kuongeza majani pembeni. Kwa uzio hii ni faida kubwa. Subiri mwanzi mpya ukomae na kufungua matawi, kisha kata juu ya fundo kwa urefu unaoutaka. Kazi hurudiwa kwa mianzi mipya tu, kila mwaka.

16. Majani yanaanguka mno. Niyafagie?

Yaache chini ya kichaka, yanarudisha madini ardhini, silika ikiwemo, na kuhifadhi unyevu. Fagia yaliyoanguka nje ya hapo, urudishe shinani. Pa kuangalia ni gata za paa: yakijaa kabla ya masika, maji yatarudi ndani ya dari.

## Matatizo

17. Ni kweli mianzi inazalisha mbu?

Kichaka kizima hapana, visiki vilivyokatwa vibaya ndiyo. Ndani ya mwanzi, kila fundo lina kiwambo kinachoziba. Ukikata katikati ya pingili umetengeneza kikombe kinachojaa mvua, na Aedes aegypti, mbu wa homa ya dengue, hupenda vyombo vidogo vya namna hiyo. Dar ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, kwa hiyo jambo hili lichukulie kwa uzito. Kata juu tu ya fundo pasibaki nafasi ya maji. Visiki vya zamani vijaze mchanga au uvipasue kwa panga upande mmoja maji yatoke. Vikague kila baada ya mvua kubwa, maana kiluwiluwi huwa mbu kwa muda wa wiki moja hivi.

18. Na nyoka?

Nyoka hufuata panya, mijusi na mahali pa kujificha. Kichaka kilichopunguzwa, ambacho mwanga unafika chini na unaona upande wa pili, hakiwavutii kuliko mti mwingine wowote. Kichaka kilichofungamana, kimerundikiwa tofali na mabati ya zamani na kutupiwa mabaki ya chakula, kitawapata. Usiingize mkono usipoona, pekuapekua kwanza kwa ufito.

19. Majani yamekuwa meusi kama masizi na yananata.

Ni vidukari au vidugamba wanaonyonya utomvu na kudondosha maji matamu, juu yake ukungu mweusi unaota. Sisimizi wanaopanda na kushuka ni dalili ileile. Piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, kisha nyunyiza mililita 5 za sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, jioni, rudia baada ya siku saba. Mashina yaliyoganda vidugamba kata na uchome. Kichaka kilichobanana kitashambuliwa tena, tazama swali la 14.

20. Machipukizi yanatoka, yanafika goti, yanakauka.

Baadhi kufa ni kawaida. Kichaka hutoa mengi kuliko kinavyoweza kulisha. Vuta lililokufa: liking'oka kwa urahisi na ndani ni laini na linanuka, lilioza kwa maji yaliyotuama au buu ameingia. Likiwa kavu na gumu, maji yalikatika wakati linakua. Yakifa karibu yote misimu miwili mfululizo, punguza kichaka, ongeza samadi na angalia mifereji ya maji.

21. Mwanzi wangu wa njano umetoa mashina ya kijani tupu.

Vittata na Alphonse Karr hurudi kwenye kijani mara mojamoja. Kata mashina hayo mapema, pamoja na tunguu lake ukiweza, la sivyo kijani chenye nguvu zaidi kitatawala kichaka.

22. Mianzi ikitoa maua inakufa?

Aina nyingi huchukua miongo kabla ya kutoa maua, na nyingine, kama Dendrocalamus strictus, hufa baada ya kuzaa mbegu. Bambusa vulgaris hutoa maua kwa nadra sana, hivyo mwenye bustani mjini hana cha kuhofia. Likitokea, kata mashina yenye maua, weka mbolea na maji, na zalisha miche kutoka kichaka kingine.

## Nyasi nyingine za mapambo

23. Sina nafasi ya mianzi kabisa. Nipande nini chenye umbo kama hilo?

Mchaichai ni mzuri kuliko watu wanavyoupa heshima: fungu la mita moja, kijani cha bluu kidogo, na chai juu yake. Panda mafungu sentimita 60 kutoka jingine, kata hadi sentimita 20 mwanzoni mwa masika, gawa kila baada ya miaka miwili au mitatu katikati panapoanza kukauka.

Kwa rangi, Pennisetum setaceum yenye majani ya zambarau (Rubrum) inapendeza kwenye jua kali na mchanga. Chagua hiyo ya zambarau, ambayo kwa kawaida haitoi mbegu zinazoota. Ya kijani inajipanda kila mahali na imekuwa gugu baya nchi nyingi. Chini ya miti, ukoka unapogoma kuota, tumia Liriope au Ophiopogon, mafungu mafupi ya sentimita 20 hadi 30 yanayovumilia kivuli.

24. Kiwanja changu Goba kina mteremko na mvua inakula udongo. Mianzi itauzuia?

Mianzi inashika udongo wa juu tu. Kwenye ukingo uliochimbika chini inaweza kuporomoka pamoja na ukingo kwa uzito wake. Kwa mteremko panda vetiva (Chrysopogon zizanioides). Mizizi yake inashuka wima, hata mita 3, na inayopandwa bustanini haienezwi kwa mbegu.

Gawa mafungu kuwa vipando vya vishina viwili hadi vitatu, majani yakatwe yabaki sentimita 20 na mizizi sentimita 5. Panda mstari unaofuata usawa wa kilima, si wa kupanda na kushuka, vipando vikiachana sentimita 10 hadi 15. Mstari mwingine uwe mita 1 hadi 2 kwenda chini kwa kimo. Pengo moja kwenye mstari ndilo litakalogeuka korongo, kwa hiyo ziba mapengo mwezi wa kwanza.

25. Mafunjo yanaota kwenye bwawa dogo la bustani?

Cyperus papyrus yanaota, lakini hufika mita 3 hadi 5 na hujaza bwawa dogo. Cyperus alternifolius, wenye majani kama mwavuli, unafika mita 1 hadi 1.5 na unatosha. Kuuzalisha, kata kichwa chenye sentimita 5 za kikonyo, punguza majani nusu, kiweke juu chini kwenye chombo cha maji. Vichipukizi vitatoka katikati ndani ya wiki chache. Weka samaki wadogo bwawani ili wale viluwiluwi vya mbu.

26. Mwanzi kwenye chungu je?

Bambusa multiplex au Wamin tu. Chungu cha sentimita 50 upana na kina, chenye matundu. Mchanganyiko: sehemu mbili udongo, moja mboji, moja pumba za mpunga au mchanga mnene. Maji kila siku wakati wa jua, NPK kijiko kimoja cha chakula kila mwezi. Baada ya miaka miwili au mitatu matunguu yatapasua plastiki. Toa, kata kwa msumeno vipande viwili au vinne, rudisha kimoja.

## Hali zisizo za kawaida

27. Tayari nina mianzi inayotambaa. Nizuieje?

Chimba mtaro wa sentimita 70 kuizunguka, ingiza plastiki ngumu ya unene wa milimita 1.5 hadi 2, ncha ya juu ibaki sentimita 5 juu ya ardhi na kizuizi kiinamie nje kidogo ili tunguu likigonga lipande juu ulione. Tofali na bati havifai: tunguu hupita kwenye maungio, na bati huoza. Kagua kila kiangazi.

28. Mianzi ya jirani imeegemea ukuta wangu, na mingine imegusa nyaya.

Ongea naye kwanza, umweleze swali la 14, kwa kuwa wengi hawajui kichaka kinapaswa kupunguzwa. Mkishindwa kuelewana, ofisi ya serikali ya mtaa ndipo pa kuanzia. Iliyogusa nyaya za umeme usiikate wewe wala kibarua wako. Mwanzi mbichi umejaa maji na unapitisha umeme. Waite TANESCO.

29. Nataka kukiondoa kichaka kizima.

Kata mashina yote usawa wa ardhi, kisha chagua. Kwa multiplex, sururu, shoka na vibarua wawili hung'oa matunguu yote kwa siku moja au mbili. Kwa vulgaris ya miaka kumi, ama kijiko cha kuchimbia, ama subira: kila chipukizi likifika sentimita 60 lipige teke livunjike, kabla halijafungua majani. Kichaka kitatumia akiba yake na kufa ndani ya msimu mmoja hadi miwili ya mvua, mradi usikiachie hata jani moja. Kuchoma moto hakusaidii, matunguu yako chini.

30. Mianzi niliyokata naweza kuitumia?

Ndiyo, ya miaka mitatu na zaidi, iliyokatwa kiangazi. Ile michanga ina wanga mwingi na bungua wataifanya unga. Toboa viwambo vyote kwa nondo, loweka siku 7 hadi 10 katika lita 100 za maji zenye kilo 3 za boraksi na kilo 2 za asidi ya boriki, anika kivulini. Dawa hii huoshwa na mvua, hivyo itumie chini ya paa.

31. Naweza kula machipukizi, au kugema ulanzi?

Machipukizi ya Dendrocalamus asper ndiyo matamu. Yote, hata hayo, yana sumu ya sianidi yakiwa mabichi: menya, kata vipande vyembamba, chemsha, mwaga maji, chemsha tena hadi uchungu uishe.

Ulanzi wa Iringa na Njombe hutoka kwenye mwanzi mwingine, Oxytenanthera, unaogemwa kwa kukata ncha ya chipukizi wakati wa mvua. Bambusa vulgaris ya uzio wako si huo. Na chipukizi lililogemwa haliwi mwanzi, kwa hiyo hata ukiupata mche wenyewe, kichaka cha kugema kipandwe mbali na kile unachokitegemea kuwa pazia.